Korongo Lipi Lamfaa Mkweaji?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Tangu michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021 ingawa ilichukua jina la 2020, mchezo wa kukwea kuta umehesabiwa pamoja na mbio, kuogelea na michezo mingine mikubwa ya dunia. Wengi wetu tumeona picha za vijana waking'ang'ania ukuta mrefu kwa ncha za vidole. Lakini ukuta ule uliojengwa na watu ni mfano tu wa magenge ya kweli, na wakweaji wa nchi nyingi husafiri mbali kwenda kuyatafuta, hasa katika makorongo ya mawe ya chokaa.

Nimeonelea vema kueleza jinsi mtu anavyochagua korongo la kwendea mchezo huu. Nitatumia mifano mitano: Verdon na Tarn katika Ufaransa, El Chorro katika Hispania, Paklenica katika Kroatia, na Todra katika Moroko, ambayo ni Afrika yetu wenyewe. Mimi sijafika hata pamoja. Habari hizi nimezipata kwa kusoma na kwa kupima ramani. Jambo nililojifunza, na ambalo nataka kulithibitisha hapa, ni kwamba korongo lenye sifa kubwa kuliko yote si lazima liwe jema kwako. Kabla ya kuuliza uzuri wa mahali, yakupasa kuuliza, "Nikishaingia, nitatokaje?"

MCHEZO WENYEWE

Yafaa kwanza tuelewane juu ya mchezo. Mkweaji hujifunga mkanda imara kiunoni na mapajani, na kamba hufungwa mbele ya mkanda huo. Mwenzake hubaki chini akiishika kamba kwa kifaa cha chuma kinachoibana asipotaka ipite. Genge lenyewe limekwisha tobolewa, na ndani ya matundu hayo zimetiwa bolti za chuma, moja juu ya nyingine, kila baada ya meta chache. Mkweaji akifika kwenye bolti huangika kulabu yenye mlango, kisha hupitisha kamba yake ndani ya kulabu ya pili iliyoshonwa pamoja na ile ya kwanza kwa utepe. Bolti hazimsaidii kupanda. Kupanda ni kwa mikono na miguu yake mwenyewe. Kazi ya bolti ni kumdaka akianguka.

Tufanye hesabu ndogo. Mkweaji aliye meta 2 juu ya bolti yake ya mwisho akianguka, atashuka meta 2 mpaka usawa wa bolti, na meta 2 nyingine chini yake, jumla meta 4, na kidogo zaidi kwa kuwa kamba hunyumbuka. Kunyumbuka huko ndiko kunakomwokoa. Kamba za mchezo huu hutengenezwa kwa nailoni, tena kwa namna ya pekee, ili zimpokee mtu polepole badala ya kumkata kiuno kwa mshtuko. Kamba ya katani hainyumbuki hivyo. Nayasema haya kwa sababu muhula huu nimewasikia wenzetu fulani wakipanga kulikwea jabali lililo nyuma ya mabweni kwa kamba ya kutekea maji. Kamba ile yaweza kuinua ndoo siku zote, lakini mtu anayeanguka si ndoo.

KWA NINI MAWE YA CHOKAA

Katika somo la Jiografia twajifunza kwamba mawe ya chokaa yalifanyika chini ya bahari za kale kutokana na magamba ya konokono, matumbawe na viumbe vingine vya majini. Ndugu zetu wa pwani wayajua vizuri mawe ya jamii hii, maana nyumba za kale za mwambao zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ikachomwa kutokana na mawe hayo hayo. Mapango ya Amboni karibu na Tanga nayo yamo katika mawe ya chokaa.

Sifa kubwa ya jiwe hili ni kwamba maji ya mvua huliyeyusha. Mvua inapopita hewani na kuzama udongoni huchukua kaboni dayoksaidi, ikawa asidi hafifu. Asidi hiyo hula mawe polepole kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo huonekana matundu ya kutosha kidole kimoja, viwili au mkono mzima, mifereji myembamba, na mahali pengine mawe yaninginiayo kama viwele vya ng'ombe. Mto nao, ukipita katika nyanda za juu za mawe kama hayo, huchimba chini kuliko kwendea kando, na matokeo yake ni korongo lenye kuta zilizosimama wima. Basi mkweaji hupata mambo mawili pamoja, ukuta mrefu na mahali pa kushika.

Si kila korongo ni la namna hii. Hell's Gate karibu na Naivasha, nchini Kenya, lina magenge mashuhuri yanayokwewa, lakini mawe yake yalitokana na volkano. Mtu aliyejifunza kwenye matundu ya chokaa akienda huko atakuta jiwe la tabia nyingine.

Chokaa ina kasoro yake pia. Ikisuguliwa na viganja na viatu vya watu wengi hung'aa na kuteleza, mfano wa kizingiti cha nyumba ya zamani. Ndiyo maana njia iliyosifiwa miaka 30 yaweza kuwa ngumu leo kuliko ilipofunguliwa, na mgeni ashangaa kuona njia iliyoandikwa rahisi ikimshinda.

SWALI LA KWANZA: NITATOKAJE?

Sasa tuyatazame makorongo yenyewe. Lililo mashuhuri kuliko yote ni Verdon, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Urefu wake ni karibu kilometa 25, na penye kina kirefu hufika kama meta 700. Mwaka 1905 mchunguzi Édouard-Alfred Martel alilipitia na wenzake kwa kufuata mto. Mwaka 1968 François Guillot na Joël Coqueugniot walikwea genge liitwalo Escalès, lenye urefu wa meta 300 hivi, kwa njia waliyoiita La Demande. Siku zile watu walianzia chini na kufuata nyufa. Baadaye wakaja vijana walioshuka kutoka juu kwa kamba, wakazitia bolti zile kuta laini zisizo na ufa, na huko Verdon, katika miaka ya mwisho ya 1970 na baada yake, mchezo huu ulipata sehemu kubwa ya sura yake ya leo. Patrick Edlinger, aliyeonyeshwa katika filamu za mwaka 1982, aliufanya ujulikane na watu ambao hawajagusa genge maishani mwao.

Lakini angalia hali ya mahali penyewe. Barabara ya Verdon hupita juu, ukingoni. Mkweaji huacha gari pale, hufunga kamba, huteremka mpaka katikati ya ukuta au chini yake, kisha huivuta kamba ikamfuata. Tangu dakika hiyo mlango aliouingia umefungwa. Chini yake pana mto, juu yake pana ukuta, na njia ya kutokea ni ule ukuta. Kwetu twasema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Verdon imeigeuza methali hii juu chini. Kule kushuka ni rahisi, na kupanda ndiyo ngoma. Mwenye busara, akienda mara ya kwanza, huacha kamba ya pili imefungwa juu na kuning'inia kando yake, ili akishindwa awe na kitu cha kumrudisha.

Sasa linganisha na Tarn, ambayo nayo ni ya Ufaransa, katika nyanda za chokaa za kusini. Korongo hili lina urefu wa zaidi ya kilometa 50, na mwaka 2011 nchi hiyo ya Causses na Cévennes iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Huko barabara hupita chini kando ya mto. Mkweaji hutembea dakika chache, huanzia ardhini, na akichoka mwenzake humteremsha mpaka miguu yake iguse udongo. Basi makorongo haya mawili yana jiwe la jamii moja, mto kila moja, na nchi ni moja, lakini kosa la namna ile ile lina bei mbili mbalimbali. Katika Tarn kushindwa kwakupotezea alasiri. Katika Verdon kwaweza kukulaza ukutani usiku kucha, ukiwa umening'inia.

Paklenica ina hali zote mbili. Ni korongo katika milima ya Velebit, karibu na bahari ya Adria, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949. Karibu na lango pana njia fupi nyingi kando ya njia ya miguu. Ndani zaidi lasimama genge la Anića kuk, lenye ukuta wa meta 350 hivi. Aliyefika kileleni mwa genge hili hurudi kwa miguu kupitia nyuma ya mlima. Kwa hiyo mtu asiyeijua njia ya nyuma, na giza likamkuta, atakuwa ameshinda ukuta akashindwa na mteremko.

JUA NA MAJIRA

Sisi tulio karibu na ikweta jua hutupita utosini, na hatuna mazoea ya kuuliza ukuta wa nyumba waelekea wapi. Katika nchi za kaskazini mambo ni mengine. Huko jua la mchana huwa upande wa kusini daima. Ukuta unaotazama kusini huota jua karibu kutwa, na ule unaotazama kaskazini hukaa kivulini. Kwa hiyo katika korongo lile lile, siku ile ile, upande mmoja waweza kuwa tanuri na wa pili friji.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwa mkweaji? Kwa sababu vidole vikitoka jasho huteleza. Wakweaji hubeba mfuko mdogo wa unga mweupe wa magnesi kukausha viganja, lakini unga hauwezi kushinda jua la Agosti. Kwa upande wa pili, vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi haviwezi kujua vimeshika nini.

Ukifungua ramani utaona kwamba Verdon, Tarn na Paklenica zote ziko karibu na digrii 44 kaskazini mwa ikweta. El Chorro iko karibu na 37, na Todra karibu na 31 na nusu. Ungedhani basi Todra ndiyo yenye joto wakati wote. Lakini iko katika milima ya Atlas, kama meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa baridi kivuli chake ni kikali. Miezi yake mizuri ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Tena korongo lile ni jembamba mno. Mahali pengine upana wake ni kama meta 10 tu, na kuta zake hupanda meta 300. Jua linapohama, mkweaji naye huvuka barabara na kuhamia ukuta wa pili. Huu ni msaada mkubwa, maana hahitaji kusafiri kufuata kivuli. Nje ya korongo hilo, karibu na mji wa Tinghir, kuna bonde la mitende.

El Chorro ni kinyume chake. Iko chini, katika jimbo la Málaga, kusini mwa Hispania, na kiangazi chake huunguza. Lakini wakati Verdon ina barafu, huko watu hukwea juani wakiwa na shati jepesi. Kwa sababu hiyo msimu wake ni Oktoba hadi Aprili. Verdon na Paklenica hufaa zaidi majira ya kuchipua na majira ya majani kupukutika. Tarn nayo hupendeza wakati huo huo, na wakati wa joto yawezekana kufuata magenge yaliyo kivulini.

KAMBA NA FUNDO

Baada ya majira huja urefu. Mtu anayeteremshwa na mwenzake hutumia kamba mara mbili, maana yapanda mpaka pete ya juu kisha yarudi chini. Kwa hiyo kamba ya meta 70 yatosha njia ya meta 35 tu. Katika Tarn kuna njia nyingi zinazopita urefu huo, na ndiyo sababu wengi huenda na kamba ya meta 80, nayo haitoshi kila njia. Kabla ya kuchagua korongo, pima kamba uliyo nayo. Kama ni ya meta 60, nusu ya magenge unayoyatamani huenda si yako bado.

Pamoja na kuipima, funga fundo katika ncha yake. Fundo hilo halina gharama. Likifika kwenye kifaa cha mshika kamba hukwama, na mkweaji hukwama salama pamoja nalo. Umuhimu wake ulionekana kwa huzuni mwezi wa Novemba 2019 katika El Potrero Chico, korongo la chokaa huko Meksiko. Brad Gobright, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wakweaji hodari wa wakati wake, alikuwa akiteremka pamoja na mwenzake, kila mmoja upande wake wa kamba. Pande hizo hazikuwa sawa kwa urefu, na ncha ya upande wake haikuwa na fundo. Kamba ikamwishia, akaanguka, akafa, akiwa na miaka 31. Hakukosa nguvu wala ujuzi. Habari hii nimeiandika kwa sababu vijana hupenda kusema kwamba ajali ni za wanaoanza.

NAMBA ZA UGUMU

Njia za mchezo huu hupewa daraja kwa hesabu ya Kifaransa. Ile namba hupanda, na kila namba ina herufi a, b na c, na mara nyingine alama ya kujumlisha. Kwa hiyo 6a hufuatwa na 6a+, kisha 6b. Njia za 4 na 5 ni za wanaojifunza. Za 7 huhitaji mazoezi ya miaka. Mwaka 2022 Sébastien Bouin, Mfaransa, alimaliza njia iitwayo DNA katika pango la La Ramirole, huko huko Verdon, akaipendekezea daraja la 9c, ambalo limefikiwa na wachache mno duniani.

Lakini namba haisemi yote. Haisemi bolti ziko mbali kiasi gani. Katika njia za kale za Verdon zimeachana sana, na mkweaji wa 6a aliyezoea bolti za karibu atajiona yu peke yake mbinguni. Haisemi pia kama jiwe limeng'aa kwa kusuguliwa, wala kama chini ya miguu pana meta 10 au 300. Ndiyo maana mashauri ya wakweaji wazoefu ni haya: ukienda mahali pageni, anza madaraja mawili chini ya uwezo wako, ujue kwanza tabia ya jiwe la pale.

MAJI, NDEGE NA WENYEJI

Korongo lilichimbwa na maji, na maji hayajasahau njia yake. Juu ya Verdon kuna mabwawa ya umeme ya Castillon na Chaudanne. Yakifunguliwa, mto hupanda ingawa mbingu ni nyeupe na mvua haikunyesha. Aliyevuka asubuhi kwa kuruka mawe aweza kukuta mto umemkatia njia jioni. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Katika Hell's Gate mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya ghafula yaliwaua watu waliokuwa wakitembea ndani ya korongo. Basi swali la "nitatokaje" si la mkweaji peke yake.

Kisha kuna wenye mahali. Katika korongo la Jonte, jirani ya Tarn, tai wakubwa waliokuwa wametoweka walianza kurudishwa mwaka 1981, na leo huonekana wakizunguka juu ya magenge. Wakati wa kutaga na kulea, wakweaji hutakiwa kuepuka sehemu zenye viota. Katika Cheddar, korongo la chokaa huko Uingereza, barabara ya wageni hupita chini ya magenge. Kwa hiyo kuta za upande wa kusini hukwewa hasa wakati wa baridi, wageni wakiwa wachache, mawe yasije yakawaangukia. Paklenica ina kiingilio, na fedha hizo husaidia kuitunza hifadhi. El Chorro ina njia ya miguu iliyojengwa miaka ya 1901 hadi 1905, ikining'inia kama meta 100 juu ya mto. Iliharibika ikaua watu, ikafungwa, na baada ya kutengenezwa ikafunguliwa tena mwaka 2015. Zamani baadhi ya wakweaji huko walikuwa wakipita ndani ya mahandaki ya reli ili wafike upesi, na sasa ni marufuku. Mgeni asiyeuliza mambo haya huwaharibia hata wale watakaokuja nyuma yake, maana mwenye shamba akikasirika hufunga lango kwa wote.

TUCHAGUE PAMOJA

Sasa tujaribu kuchagua kama tufanyavyo maswali ya darasani.

Mtu wa kwanza ana wiki moja mwezi wa Januari, hukwea daraja la 5, na hana gari. Verdon ina baridi, na Paklenica vile vile. El Chorro ina jua la wakati huo, njia za madaraja mengi, na garimoshi kutoka mji wa Málaga husimama pale pale. Aende El Chorro.

Mtu wa pili ana likizo mwezi wa Agosti, na hukwea daraja la 7. El Chorro na Todra zitamwunguza. Tarn ina mto wa kuogea na magenge yenye kivuli, na njia ndefu zitakazomtosha. Aende Tarn, na achukue kamba ya meta 80.

Mtu wa tatu na wa nne wote wana mwezi wa Oktoba. Mmoja amejifunza mwaka mmoja tu. Amfuate mwalimu wake hadi njia fupi za Paklenica. Mwingine amekwisha kwea kuta ndefu mara nyingi, ajua kujitoa kwa kamba, na mwenzake ajua pia. Huyo, na huyo peke yake, ndiye Verdon inayemfaa.

Mwaona kwamba katika hesabu hizi hatukuuliza hata mara moja korongo lipi ni mashuhuri zaidi. Tuliuliza mwezi, nguvu, kamba, usafiri na njia ya kutokea. Sifa ya mahali ni ya mahali. Mambo haya matano ni ya mwendaji, naye ndiye atakayening'inia.

Kwa kumalizia, nina ombi kwa wenzangu waliolitamani jabali la nyuma ya mabweni. Tusilikwee bila kamba ya kweli na mtu aliyefundishwa, bali tusiliache vivi hivi. Kuna kazi nyingi zinazoweza kufanywa hali miguu iko chini. Twaweza kuuliza ni jiwe la namna gani. Tone moja la siki litatusaidia, kwa kuwa siki hutoa povu juu ya mawe ya chokaa. Twaweza kupima urefu wake kwa kivuli na fimbo, kama tulivyofundishwa katika Hisabati. Twaweza kuandika jua lagusa upande upi saa ngapi, na maji ya masika hupita wapi, na nyuki wamekaa tundu gani. Tukiyakusanya hayo na kuyachora vizuri, tutampelekea mwalimu wa michezo karatasi ya maana badala ya maneno ya bwenini. Jabali lile lilikuwapo kabla ya shule hii, nalo halina haraka.